Kikombe Kirefu, Bakuli Pana

Msikilizaji, leo tunazungumza nawe mzazi, nawe mlezi.

Umewagawia watoto uji. Umepima sawasawa. Mmoja umemtilia kwenye kikombe kirefu chembamba, mwingine kwenye bakuli pana. Mara yule mdogo, wa miaka 4, anaangua kilio: "Mwenzangu kapewa mwingi!"

Usimwite mjinga. Usimwite mlafi. Mtoto huyu anaamini macho yake. Uji uliopanda juu, kwake ndio mwingi. Bado hawezi kupima urefu na upana kwa pamoja.

Mtaalamu kutoka Uswisi, Jean Piaget, alilichunguza jambo hili. Alieleza kwamba fikra za mtoto hukua hatua kwa hatua. Watoto wengi huanza kuelewa kwamba kiasi hakibadiliki kwa kubadili chombo wakikaribia miaka 7. Kumgombeza hakumvushi hatua.

Basi ufanye nini? Mpe vyombo viwili na maji kidogo. Mwache amimine kutoka hiki kwenda kile, kisha arudishe. Muulize: "Maji yameongezeka? Yamepungua? Umejuaje?" Akijibu, msikilize. Akikosea, usimcheke, wala usikimbilie kumpa jibu. Kesho mwache amimine tena. Mikono yake itaifundisha akili yake.

Kumbuka, msikilizaji: mtoto anayekosea hapa si mjinga. Yuko kwenye hatua yake. Mpe vyombo. Mpe maji. Mpe muda.

Na leo jioni, ukigawa uji, tumia vikombe vinavyolingana. Nyumba itatulia.