Mayai ya Nyumba Kwanza: Namna ya Kuyaoka pamoja na Mboga na Fromaji

Maneno ya monitere wa kilimo kwa watu wa migini iliyo karibu na mashimo ya shaba

Leo sisemi habari ya muhogo wala ya mahindi. Nasema habari ya mayai, na namna moja ya kuyapika ili nyumba nzima ipate kula.

Tazameni njia zinazokwenda Kolwezi, Likasi na Kipushi. Mayai yetu yanapita juu ya baisikeli, yanakwenda kulisha watu wa migodi. Si vibaya, feza inaleta chumvi, sabuni na mali ya masomo. Lakini mayai yakienda yote, mtoto wa mwenye kuku anabaki na bukari na majani tu. Bukari inajaza tumbo, lakini peke yake haijengi mwili. Mwisho miguu ya mtoto inavimba, nywele zake zinakuwa nyekundu, hataki tena kucheza. Zamani kompani ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwagawia wafanyakazi wake posho. Katika mgini hakuna wa kutugawia. Posho yetu iko katika kiota cha kuku.

Basi, kila mara mnapohesabu mayai ya kuuza, tengeni kwanza 6 ya nyumba. Tena tafuteni vitu hivi: fungu moja la lengalenga ao matembele, vitunguu 2, nyanya 3, kipande cha fromaji kama kiganja cha mkono, vijiko 2 vya mafuta, na chumvi kidogo. Fromaji ni maziwa yaliyogandishwa na kukamuliwa maji. Ile ya Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, inatoka kwa maziwa ya ngombe. Asiyeipata atie karanga zilizotwangwa, mikono 2 iliyojaa. Ladha itageuka, lakini nguvu ya kujenga mwili itakuwamo.

Kazi ya kwanza: pimeni mayai katika maji. Yai linalolala chini ni jipya. Linalosimama ni la siku nyingi, lipikeni upesi. Linaloelea, litupeni.

Kazi ya pili: osheni mboga kwa maji safi mara mbili ao tatu. Lakini angalieni mahali zinapoota. Msilime mboga kando ya maji yanayotoka mahali pa kuoshea mawe ya shaba. Kuosha kunaondoa vumbi juu ya jani. Hakuondoi sumu iliyopanda ndani kwa mizizi.

Kazi ya tatu: katakateni mboga, zichemsheni kidogo, kisha zikamueni sana. Maji yakibaki, chakula hakitashikamana. Kaangeni vitunguu na nyanya mpaka zikauke, changanyeni na mboga, mwache vipoe.

Kazi ya ine: pasueni kila yai katika kikombe peke yake, ili moja bovu lisiharibu mengine. Pigeni mayai yote pamoja, mtie mboga, fromaji iliyokatwa vipande vidogo, na chumvi. Msizidishe chumvi, maana fromaji inayo yake.

Kazi ya tano: pakeni mafuta ndani ya sufuria ndogo, mimineni yote. Twaeni sufuria kubwa, tieni mchanga mkavu chini, unene wa vidole viwili, mkaipashe moto kwanza. Wekeni ile ndogo ndani yake, funikeni kwa kifuniko cha chuma. Makala machache yawe chini katika mbabula, mengine juu ya kifuniko. Hii ndiyo furu ya mtu asiye na furu. Ngojeni kama nusu saa. Chomeni katikati kwa kisu safi: kikitoka kikavu, chakula kimeiva. Kikitoka na uji wa yai, ngojeni tena, maana yai bichi linaweza kuleta ugonjwa wa tumbo. Acheni kipoe kidogo, kateni vipande 6.

Sasa, nani atakula? Katika migini mingi baba anakula yai, mtoto anatazama. Wengine wanasema mama mwenye mimba akila yai, mtoto atazaliwa bila nywele. Maneno hayo si kweli. Mama mwenye mimba anajenga mwili wa mtu mwingine. Yeye ana haja ya yai kuliko sisi wanaume. Mtoto aliyetimiza miezi 6 apewe pia, lililoiva na kupondwa vizuri.

Lakini mtoto aliyekwisha kuvimba miguu, msimngojee apone kwa chakula hiki. Mpelekeni kwa munganga siku ile ile.

Ndugu zangu, mnunuzi wa mayai atapita tena kesho na baisikeli yake. Mpeni mayai, mpokee feza. Lakini akiuliza yale 6 yaliyo katika kikapu, mwambieni: hayo yana wenyewe.