Vielezi Vinapoandamana: Kiingereza cha Kila Siku na Mtihani wa Mfasiri wa Kiswahili



Darasani kielezi hupewa fasili fupi: ni neno linalotoa taarifa zaidi kuhusu kitenzi, kivumishi au kielezi kingine. Fasili hiyo hutosha pale kielezi kinapokaa peke yake. Leo nakusudia kujadili hali ya pili, yaani vielezi viwili au vitatu vinapoandamana katika sentensi moja. Nitaanza na Kiingereza cha kawaida, kisha nionyeshe kwa nini suala hili linamgusa kila anayefasiri kutoka lugha hiyo kuja katika Kiswahili.

1. Foleni ya vielezi katika Kiingereza

Mwishoni mwa sentensi, Kiingereza aghalabu hutanguliza namna, kisha mahali, kisha wakati:

(1) She sang beautifully in the hall yesterday.

Katikati ya sentensi nako kuna foleni yake:

(2) She has probably already left.

Mzawa wa lugha hiyo hasemi "already probably". Guglielmo Cinque, katika kitabu chake cha mwaka 1999, alidai kwamba foleni ya namna hii ina msingi mmoja katika lugha zote: vielezi vya makisio ya msemaji hutangulia vile vya ukamilifu wa tendo. Dai hilo limezua mjadala mrefu, lakini kwa Kiingereza mfano wa (2) unaliunga mkono.

Foleni ikibadilika, maana nayo hubadilika. Tulinganishe:

(3) a. I really don't know.
    b. I don't really know.

Katika (3a) "really" iko nje ya ukanushi na inautilia nguvu. Tungesema "Kwa kweli sijui". Katika (3b) imo ndani ya ukanushi na inaupunguza makali. Tungesema "Sijui hasa". Wa kwanza hajui kitu. Wa pili huenda anajua kidogo.

2. Kitenzi kinachomeza vielezi

Tufasiri sasa mfano wa (2): "Huenda ameshaondoka." Kiingereza kina vielezi viwili, Kiswahili kimebaki na kimoja. "Already" imemezwa na kitenzi kupitia kiambishi -sha-, chenye asili katika kitenzi kwisha. Vivyo hivyo, "not yet" hubebwa na -ja- katika "hajafika", na "usually" hubebwa na hu- katika "huamka mapema".

Hatusemi kwamba kuongeza kielezi ni kosa. "Bado hajafika" ni Kiswahili safi, na "bado" huleta msisitizo. Tatizo huja pale mfasiri anapohesabu vielezi vya Kiingereza na kuona kuwa ni lazima kila kimoja kipate mwenzake. Ndipo tunaposoma "tayari ameshakwisha kuondoka", ambamo jambo moja limesemwa mara tatu.

3. Neno dogo, dhamana kubwa

Kuna upande mwingine, ambao Kiswahili hudai usahihi zaidi kuliko Kiingereza. Tazama:

(4) I only saw Asha yesterday.

Katika mazungumzo, Mwingereza huweka "only" kabla ya kitenzi, kisha huacha mkazo wa sauti uonyeshe neno linalohusika. Katika maandishi mkazo huo hupotea, na sentensi hubaki na maana zaidi ya moja. Kiswahili huweka "tu" baada ya neno linalohusika:

(5) a. Nilimwona Asha tu jana.
    b. Nilimwona Asha jana tu.
    c. Nilimwona tu Asha jana.

Kwa (5a), sikumwona mtu mwingine. Kwa (5b), siku ni jana, na huweza pia kumaanisha kuwa si zamani. Kwa (5c), nilimwona lakini huenda hatukuzungumza. Mfasiri hawezi kuandika "tu" bila kuchagua, na akichagua vibaya amemtungia msemaji kauli ambayo hakuitoa.

Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Tukichukulia kwamba sentensi ya (4) ni ushahidi wa maandishi, tofauti kati ya (5a) na (5c) yaweza kuamua nani alikuwapo na nani alisema na nani. Jambo hilo halitatuliwi na kamusi, kwa kuwa kila neno katika sentensi hizo linajulikana na mtoto wa shule ya msingi.

4. Hitimisho

Napendekeza kwamba katika kozi zetu za tafsiri, kabla ya kumuuliza mwanafunzi kielezi kinaitwaje kwa Kiswahili, tumuulize kinahusu neno gani, na kama kitenzi chetu hakijakibeba tayari. Baada ya hapo ndipo atafute neno. Huenda akagundua kwamba halihitajiki, au kwamba ni silabi moja tu, ila inataka mahali pake hasa.