"Ku shamba" si "mu shamba"



Komite iliniomba niseme juu ya mafishi tunayojaza tukipita mu vijiji. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mama mmoja alirudi kutoka Nyarugusu na watoto wake. Nikamuuliza: nyumba yenu ya zamani ilikuwa wapi? Akajibu: "Ilikuwa ku shamba ya shemeji." Fishi yetu iko mu Kifaransa, mimi nikaandika "dans le champ", ni kusema ndani ya shamba la shemeji. Nikapita kwa mwingine, watu walikuwa wengi na mvua ilikuwa inakaribia.

Siku ya mapatano mbele ya shefu, ile fishi ikasomwa. Shemeji akasimama: "Munasikia? Yeye mwenyewe anakubali nyumba ilikuwa mu shamba yangu." Mama akapiga mikono: "Sikusema mu! Nilisema ku!"

Na alikuwa na haki. Kwa Kiswahili chetu cha huku, mu ni ndani, pa ni fasi yenyewe kabisa, ku ni upande ule. Shamba la shemeji lilikuwa alama tu. Mtu akisema anakaa "ku soko", nyumba yake haiko katikati ya meza za samaki. Kifaransa nacho kina "du côté de", nililisoma shuleni miaka yote. Siwezi kulaumu lugha. Niliharakisha.

Vijana waliokulia Tanzania wanasema "shambani". Neno ni zuri, lakini lile -ni linabeba yote matatu. Mpaka aongeze shambani mle, shambani pale ao shambani kule ndipo unajua. Basi tuwaulize.

Mu milima, mtu akisema shamba lake liko chini ya shamba la fulani, anasema mteremko, upande wa ziwa. Niliona fishi moja imeandikwa "sous". Msomaji wa Kinshasa atafikiri tunalima mu shimo.

Kuja na kurudi ndiyo inauma zaidi. Mzazi anasema "tulirudi". Mtoto aliyezaliwa kambini anasema "tulikuja", na ni kweli, mbele ya hapo hakuwahi kukanyaga Baraka. Kwake ng'ambo ilikuwa huku. Leo ng'ambo ni Kigoma. Lakini mwenye kuandika akisikia "kuja" anaweza kumuweka kwa wageni, na jina lake linakosa ku orodha ya wanaorudi. Muulize mama yake alitoka kijiji gani.

Toka siku ile ninaandika maneno ya mtu vile alivyoyasema, Kiswahili kwanza, Kifaransa chini. Ninamusomea mbele hajaweka kidole. Halafu tunatembea naye ku mpaka, yeye mbele, mimi nyuma, tukihesabu miti na mawe. Wafadhili, hii inakula muda: kwa siku nafanya fishi 4, si 15 kama zamani. Mkiona hesabu imeshuka mu ripoti, sababu ni hiyo.

Fishi ya yule mama nimeisahihisha, na nimeandika pale kwamba kosa ni langu. Shefu ameipokea. Shemeji bado anashika kopi ya kwanza, na mapatano yanaendelea.