Mlima Uandikwe Katika Mkataba
Mada iliyotolewa na ofisa elimu kwa walaji katika semina ya mahujaji watarajiwa



Sikuja kuwafundisha namna ya kuhiji. Kwa hilo mnao wachungaji na mapadre wenu, nao wanalijua kuliko mimi. Nimekuja kuzungumzia upande mmoja wa hija ambao mara nyingi tunaona haya kuutaja, nao ni fedha, karatasi na ahadi. Safari ya hija ni ibada kwa anayekwenda, lakini ni biashara kwa anayeuza tiketi, kitanda, basi na chakula. Anayenunua huduma hizo ni mlaji, na haki zake hazipungui kwa sababu safari yenyewe ni ya kiroho.

Nitatumia mfano wa Mlima Sinai ulioko Misri. Nimeuchagua kwa sababu picha yake hupamba mabango mengi ya safari za Nchi Takatifu, na kwa sababu uko mbali na miji, hivyo ni rahisi kuachwa pindi ratiba inapobana.

Miaka michache iliyopita alifika ofisini kwetu mwalimu mmoja mstaafu. Alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani yake bango la safari lililokunjwa mara nne. Mama huyu alikuwa ametenga sehemu ya kiinua mgongo chake, akalipa kwa awamu kwa muda wa miezi kumi na minne, kwa simu, kwenye namba binafsi ya mratibu wa safari. Kikundi kilisafiri kweli, na Misri walifika kweli. Lakini walifika kwenye monasteri iliyo chini ya mlima siku ya Jumapili mchana, wakakuta lango limefungwa. Walipiga picha nje ya ukuta, na jioni ile ile basi likageuza. Alipouliza habari ya kupanda mlima, alijibiwa kwamba kupanda kulikuwa kwa hiari, na muda haukutosha.

Tulimwomba stakabadhi. Alikuwa nazo saba, na zote ziliandikwa neno moja: "mchango". Hapakuwa na stakabadhi hata moja iliyosema "malipo ya safari". Alipodai arudishiwe sehemu ya fedha zake, mratibu alisema mchango haurudishwi. Mkataba haukuwapo. Tulimsaidia kuandika lalamiko, na baada ya mazungumzo marefu alirudishiwa kiasi kidogo. Siku alipokuja kutushukuru aliniambia, "Mwanangu, fedha nitazisahau. Lakini magoti haya hayatanifikisha kule tena."

Sisemi kwamba mratibu yule alikuwa tapeli. Huenda naye aliuziwa ratiba na kampuni ya ng'ambo bila kuisoma vizuri. Wala sisemi msiaminiane. Vikundi vya hija husimama kwa kuaminiana. Ninachosema ni kwamba imani kwa mwenzako haiwezi kujaza nafasi ya maandishi. Mtu mwaminifu naye husahau, huugua, hufilisika, au hudanganywa na mwingine. Maandishi humlinda mlaji, na humlinda pia mratibu mwaminifu.

Unanunua nini hasa?

Kabla ya kuuliza bei, ujue unachonunua. Mlima huu, ambao Waarabu huuita Jabal Musa, yaani Mlima wa Musa, uko kusini mwa rasi ya Sinai na kilele chake kina urefu wa mita 2,285 juu ya usawa wa bahari. Unaheshimiwa na Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Kileleni pana kanisa dogo na msikiti mdogo. Chini yake ipo Monasteri ya Mtakatifu Katarina, iliyojengwa katika karne ya 6 kwa amri ya Kaisari Justinian, na ambayo tangu mwaka 2002 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kutoka Cairo hadi huko ni zaidi ya kilomita 400 za barabara ya jangwani, pamoja na vituo vya ukaguzi. Hiyo ni siku nzima ya safari. Kwa hiyo ratiba inayodai kwamba mtatoka Cairo asubuhi, mtaizuru monasteri, mtapanda mlima na kulala kwingine siku hiyo hiyo, ni ratiba ya kutiliwa shaka.

Kwa kawaida monasteri hupokea wageni kwa saa chache za asubuhi tu, na haipokei wageni siku za Jumapili na sikukuu kubwa za Kanisa la Othodoksi la Kigiriki. Sikukuu hizo, ikiwamo Pasaka, mara nyingi haziangukii tarehe tulizozizoea. Kabla ya kulipa, chukua kalenda, hesabu siku za ratiba, uone mtafika siku gani ya juma. Mwalimu wetu angegundua tatizo lake kwa dakika tano za kuhesabu.

Wapandaji wengi huanza safari usiku ili walione jua likichomoza wakiwa kileleni. Hapa nawatahadharisha kuhusu saa. Ratiba za ng'ambo huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Ikiandikwa 1:00, maana yake ni saa 7 usiku kwa hesabu yetu, si saa 1. Mwombeni mratibu aandike upya ratiba nzima kwa saa za Kiswahili, asije mtu akaachwa hotelini.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni njia ya ngamia, ambayo ni ndefu lakini mteremko wake ni wa wastani. Ya pili ni ya ngazi za mawe zipatazo 3,750, ambazo kwa mapokeo huitwa Ngazi za Toba. Kwa mwendo wa kawaida, kupanda huchukua takribani saa 3. Wageni hupanda wakiwa na mwongozaji wa Kibedui, na anayetaka hukodi ngamia. Lakini mkumbuke jambo moja ambalo mabango hayalisemi: ngamia hafiki kileleni. Anakuacha mahali zinapoanzia ngazi 750 za mwisho, na hizo kila mtu huzipanda kwa miguu yake. Mzee aliyeahidiwa kwamba "ngamia atakupeleka juu" hakuambiwa ukweli wote.

Tena, jangwa hilo usiku lina baridi. Katika miezi ya Desemba hadi Februari halijoto hushuka chini ya nyuzi sifuri, na theluji huanguka mara nyingine. Koti zito, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu na tochi viingie katika bajeti yenu tangu mwanzo. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo au ya viungo amwone daktari kabla ya kulipa awamu ya kwanza, si wiki ya kuondoka.

Mnaona sasa kwamba maneno "kutembelea Mlima Sinai" hayajaahidi kitu. Mtu anaweza kuutembelea mlima kwa kuutazama kupitia dirisha la basi. Mkataba useme mtalala usiku mangapi chini ya mlima, mtaingia monasteri siku gani, mtapanda usiku upi, nani analipia mwongozaji na ngamia, na wasioweza kupanda watabaki wapi na nani.

Karatasi kabla ya fedha

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nitataja mambo sita.

Kwanza, mjue muuzaji. Kikundi cha sala kinaweza kuwakusanya watu, lakini anayeuza safari awe kampuni au wakala mwenye usajili na leseni ya kazi hiyo. Usajili wa kampuni unaweza kuuhakiki BRELA. Ombeni nakala ya leseni, mtazame tarehe ya kuisha kwake.

Pili, lipeni kwenye akaunti yenye jina la kampuni, si kwenye namba binafsi ya mtu. Kila malipo yapate stakabadhi inayotaja jina lako, kiasi, tarehe, na maneno "malipo ya safari", pamoja na jina la safari yenyewe. Ukipewa stakabadhi ya "mchango", irudishe papo hapo irekebishwe.

Tatu, tofautisheni nafasi iliyoshikwa na tiketi iliyolipiwa. Shirika la ndege linaweza kushika nafasi kwa muda, kisha likaifuta ikiwa halikulipwa. Mkishaambiwa kwamba tiketi zimekatwa, ombeni namba ya tiketi na mwulize shirika la ndege lenyewe.

Nne, mambo ya mipaka. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Safari nyingi huunganisha Misri na Israeli kupitia mpaka wa Taba. Ikiwa mtatoka Misri, mwingie Israeli, kisha mrudi kupandia ndege Cairo, viza ya Misri ya kuingia mara moja haitawatosha. Ulizeni ubalozi, msitegemee maneno ya mtu mmoja. Kuhusu chanjo ya homa ya manjano, cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo msingoje juma la mwisho. Na mkataba useme wazi: mmoja wenu akinyimwa viza, kipi kitarudishwa na kipi hakitarudishwa?

Tano, usalama na bima. Hali ya eneo lile hubadilika. Fuatilieni tahadhari za safari zinazotolewa na serikali kabla ya kila awamu kubwa ya malipo. Someni bima yenu: baadhi ya bima hazilipi ikiwa mmekwenda mahali ambapo serikali imewatahadharisha msiende, na nyingine hazigusi ugonjwa ambao msafiri alikuwa nao tangu awali na hakuutaja. Hakikisheni inagharimia matibabu, kuteremshwa mlimani kwa dharura, na kurejeshwa nyumbani.

Sita, mabadiliko. Muuzaji akibadili tarehe, hoteli, au akiondoa mlima katika ratiba, mlaji awe na haki ya kujulishwa kwa maandishi na kuchagua kati ya kuendelea, kupunguziwa bei, au kurudishiwa fedha. Kifungu hicho hakimwumizi mfanyabiashara mwaminifu. Asiyekitaka mwulizeni kwa nini.

Mambo yakiharibika

Yakiharibika mkiwa safarini, lalamikeni pale pale kwa maandishi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, na mtunze picha za ratiba, lango, tarehe na saa. Malalamiko yaliyoandikwa siku ya tukio yana uzito kuliko kumbukumbu ya miezi mitatu baadaye. Msikabidhi pasipoti kwa mtu ili aishike kama dhamana ya deni. Na kila mmoja awe na nakala yake mahali pengine.

Kuhusu mizigo ya ndege, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania, Kenya na Misri ni wanachama wake, unampa abiria muda wa kulalamika kwa maandishi: siku 7 tangu kupokea mzigo ulioharibika, na siku 21 tangu kupokea mzigo uliochelewa. Muda huo ukipita, haki hupotea. Basi toeni taarifa uwanjani kabla ya kutoka.

Mkirudi nyumbani, anzeni na barua kwa muuzaji, mkieleza kilichoahidiwa, kilichotolewa, na mnachodai, na mwekeni tarehe ya kujibu. Asipojibu, pelekeni lalamiko kwa mamlaka. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na bango linaloahidi mlima usiokuwamo katika ratiba ni jambo la kuulizwa chini ya sheria hiyo. Wanakikundi wakilalamika kwa pamoja, huokoa muda wao na wa ofisi.

Ndugu zangu, wengi wenu mtakwenda mara moja tu maishani. Wengine mmeuza ng'ombe, wengine mmeweka akiba ya biashara ndogo kwa miaka. Watoto wenu wamewachangia. Fedha hizo zinastahili kuulizwa maswali, na kuuliza si utovu wa imani. Kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, muulizeni muuzaji haya matano:

1. Leseni yako iko wapi, na akaunti ya kampuni ni ipi?
2. Tutafika mlimani siku gani ya juma, na tutalala hapo usiku mangapi?
3. Kupanda mlima kumo ndani ya bei, pamoja na mwongozaji?
4. Nikinyimwa viza, nikiugua, au safari ikiahirishwa, nitarudishiwa nini?
5. Majibu haya yote yameandikwa wapi?

Asiyeweza kujibu swali la tano, majibu yake ya manne ya kwanza hayana kazi.

Yule mwalimu alituachia lile bango. Tunalo ofisini, na picha ya mlima bado inaonekana vizuri. Kila ninapomhudumia mtu anayepanga safari kama hiyo humwonyesha, kisha humwomba anisomee katika mkataba wake mahali ulipoandikwa mlima. Nanyi leo, mkifika nyumbani, fanyeni hivyo hivyo.

Nawatakia maandalizi mema na safari yenye baraka.