Maporomoko ya Krimml, kwa Miguu na kwa Baiskeli

Msikilizaji, kama unaishi Ulaya au una safari ya huko majira ya joto, fika Krimml, Austria. Maporomoko yake yanashuka mita 380 kwa ngazi tatu, na njia ya kupanda kando yake ni kama kilomita 4. Wengi huishia chini, kwenye manyunyu. Nakusihi upande hadi juu.

Maji haya yanatokana na barafu ya milimani. Jua likiwaka barafu huyeyuka, na mto hujaa kuanzia alasiri hadi usiku. Mwamba uliokuwa mkavu asubuhi, jioni unaweza kuwa umefunikwa. Usiruke kizuizi, hata kwa picha moja. Vaa viatu visivyoteleza.

Wenye baiskeli, hapa sikilizeni vizuri: sheria ya misitu ya Austria ya mwaka 1975 inamruhusu anayetembea kwa miguu kuingia msituni, lakini baiskeli hupita pale tu palipotolewa ruhusa. Tazama kibao kwanza, na ukikuta watu njiani wapishe.

Ajali ikitokea mlimani, piga 140, namba ya waokoaji, au 112.