Kura ya Maoni na Meza ya Chai
(Hotuba ya Katibu wa Tawi mbele ya wawakilishi wa kazini. Imechapwa hapa kwa ajili ya memba waliokuwa zamu ya usiku.)



Niliombwa niseme juu ya mshahara, nami nitausema. Lakini jana nilipita kantini saa ya chai nikaona jambo. Ile meza ambayo siku zote watu kumi na wawili huketi pamoja ilikuwa imekuwa meza mbili. Nilipouliza sababu, kijana mmoja akanionyesha simu yake: kura ya maoni imetoka, na mtu wake yuko nyuma. Wale wa meza ya pili, mtu wao yuko mbele. Hakuna aliyepiga kura bado, lakini chai tayari inanywewa mbalimbali.

Basi nataka tuitazame hiyo kura ya maoni kama tunavyoitazama hati ya mshahara, mstari kwa mstari, tukiuliza kila tarakimu imetoka wapi.

Mpishi hali sufuria nzima ndipo ajue kama chumvi imekolea. Huonja kijiko kimoja, na kijiko chatosha ikiwa amekoroga vizuri. Kura ya maoni ni kijiko hicho. Watu 1,000 wakichaguliwa sawasawa waweza kutueleza habari za mamilioni, lakini kuna kosa lake, kama 3 kwa mia, juu au chini. Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Wakisema huyu ana 46 na yule ana 43, yawezekana huyu ana 43 na yule ana 46. Maana yake hawajui nani yuko mbele. Tena wako wale waliosema hawajaamua, na wale waliokataa kujibu. Kama watu waliulizwa kwa simu, yule asiye na simu hayumo. Na si kila anayejibu ataamka alfajiri kupanga foleni.

Iko sheria ya mwaka 2012 juu ya kutangaza kura za maoni za uchaguzi. Inamtaka anayetangaza aseme nani aliyelipa, watu wangapi waliulizwa, siku gani, kwa njia gani, na kosa ni kiasi gani. Inakataza pia kuzitangaza katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Ile picha ya kijana wetu haikuwa na hata moja ya hayo. Ilikuwa na rangi nzuri tu.

Kumbukeni mwaka 2022. Katika majuma ya mwisho kabla ya tarehe 9 Agosti, kura nyingi za maoni zilimweka Raila Odinga mbele. Hesabu ilipotangazwa tarehe 15, William Ruto alikuwa na 50.49 kwa mia na Odinga 48.85. Tofauti ilikuwa kura 233,211, katika kura zaidi ya milioni 14. Sisemi waliouliza maoni walidanganya. Nasema mtu aliyegombana na jirani yake mwezi wa Julai kwa ajili ya hesabu zile aligombana bure, awe alifurahi au alihuzunika.

Na hata kura zikishapigwa, mambo hayaishi siku ile. Katiba ya 2010 inawapa tume siku saba kutangaza matokeo ya urais. Asiyeridhika ana siku saba kupeleka shauri, na Mahakama ya Juu ina siku kumi na nne kuamua. Mwaka 2017 mahakama hiyo iliufuta uchaguzi tarehe 1 Septemba, watu wakarudi kupiga kura tarehe 26 Oktoba. Siku hizo za kungoja ndizo siku za uvumi, nasi tuzihesabu mapema kama mkulima anavyohesabu miezi ya njaa.

Sasa nitasema habari yangu mwenyewe. Mwaka 2007 nilikuwa kibarua wa godauni, mahali sitapataja. Matokeo yalitangazwa tarehe 30 Desemba, na yaliyofuata mnayajua: watu zaidi ya 1,100 walikufa, mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, hata reli ikang'olewa pale Kibera. Wakubwa walitia sahihi mapatano tarehe 28 Februari 2008, wakapeana mikono. Kazini kwetu hakuna aliyetupa mkono. Tulikuwa katikati ya mazungumzo ya mkataba mpya. Daftari la memba lilikuwa kwa mtu mmoja, naye alikuwa amekimbilia kwao. Mwenyekiti wetu na karani hawakuwa wakisemezana, kwa kuwa walitoka pande mbili. Tajiri akaandika vibarua wa siku mahali pa wale waliokosa kurudi, na hakuna aliyeweza kuwatetea, maana hakuna aliyejua waliko.

Mmoja wao nilikuwa nikipokezana naye zamu kwa miaka minne. Nilimwona tena mwaka 2010, anauza makaa kando ya barabara. Hakuniuliza habari za siasa hata kidogo. Aliniuliza kama pesa zake za uzeeni za mwezi ule wa mwisho zilipelekwa. Sikuwa na jibu.

Wazee wetu walipita katika habari mbaya kuliko za simu zetu. Wakati wa Hali ya Hatari, mwezi wa Aprili 1954, maelfu walizolewa Nairobi, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakiwamo. Hata hivyo, Machi 1955, makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Tom Mboya akateremka kuwasaidia, wakakubali kurudi kazini dai lao lisikizwe, wakapata nyongeza ya 33 kwa mia. Lakini nisiwapake wazee mafuta. Miaka kumi baadaye, mwaka 1965, wafuasi wa KFL na wa KAWC walipigana palepale Mombasa hata watu wakafa. Serikali ikavifuta vyote viwili, ikaunda COTU, na Rais akapewa mkono katika kuchagua wakubwa wake. Ugomvi ulikuwa wetu, na faida ikaenda kwingine.

Simkatazi memba kuwa na chama chake cha siasa. Vaa kofia yako, nenda mkutanoni kwako Jumapili. Lakini kamati imekata mambo haya, nami nayatangaza. Daftari la memba litakuwa na nakala tatu, kwa watu watatu wasiotoka mahali pamoja, na kila memba ataandika namba ya jamaa yake na mahali atakapokuwa siku za uchaguzi. Kila anayeketi kwenye mazungumzo na tajiri atakuwa na naibu, achaguliwe leo kabla hatujatoka humu. Habari ya kutisha ikifika kwenye simu yako, usiipeleke mbele. Mletee mwakilishi, naye atampigia memba aliye karibu na mahali hapo, amwulize ameona nini kwa macho yake. Na mwenye kiu ya hesabu, siku ile aende mlangoni pa kituo chake asome Fomu 34A ikibandikwa. Hiyo ndiyo hesabu ya watu waliopiga kura kweli.

Wale wa meza mbili nimewaita hapa mbele, nao wamekuja, ingawa naona wameketi mmoja huku mmoja kule. Karani awape kazi ya kunakili daftari, wawili wawili, mmoja kutoka kila meza.

Sasa tuje kwenye mshahara. Barua ya tajiri ililetwa jana saa kumi. Karani, tusomee.