Jinsi Punje ya Hindi Inavyotungwa
Mhindi hubeba jinsia mbili katika shina moja, kwa kuwa maua ya kiume huchanua kileleni na kumwaga chavua, yaani unga wa manjano unaobeba mbegu za kiume, ilhali maua ya kike hujificha ndani ya gunzi changa. Kila uzi wa ndevu za hindi umeunganishwa na ovari moja tu, hivyo chembe ya chavua inayopeperushwa na upepo ikinata juu yake, huotesha mrija mwembamba unaoteremka hadi kwenye yai na kulirutubisha, ndipo punje moja inapoanza kujaa. Ukame wa wakati huo huchelewesha ndevu hata zikatokeza chavua ikiwa imekwisha, na mapengo kwenye gunzi, ambayo mara nyingi wadudu husingiziwa, huwa ni alama ya nyuzi zilizokosa chavua.